Jinsi ya Kujiunga na Kwaya ya Kanisa la Chuo Kikuu

Wanafunzi wengi wenye sauti nzuri hawathubutu kuigusa kwaya ya kanisa la chuo chao, kwa kuwa wanaamini kwamba nafasi ni za waliofundishwa muziki tangu utotoni. Mwalimu wa kwaya hutafuta zaidi mtu anayesikiliza wenzake na asiyekosa mazoezi, kwa sababu sauti kubwa isiyochanganyika na nyingine huiharibu kwaya kuliko sauti ndogo iliyo sahihi.

Anza kwa kuuliza kama kwaya hiyo hupokea kila mtu au hufanya usaili. Katika vyuo vya Oxford na Cambridge, kwa mfano, wapo waimbaji wanaopewa ufadhili, na usaili wao una taratibu zake zinazopaswa kufahamika mapema. Uliza pia idadi ya mazoezi na ibada kwa juma, kisha ulinganishe na ratiba yako ya masomo kabla ya kuahidi lolote.

Katika usaili utaimba wimbo uliouandaa, utapandisha na kushusha sauti ili ijulikane kama wewe ni soprano, alto, tenor au besi, yaani kuanzia sauti ya juu kabisa hadi ya chini kabisa, na huenda ukapigiwa noti tatu kwa pamoja kwenye kinanda ukaombwa kuimba ile ya katikati. Chagua wimbo ulioumudu kabisa, hata kama ni mfupi na mwepesi.

Linalowatisha wengi ni kusoma nota ambazo hawajawahi kuziona. Aliyelelewa na solfa, mfumo wa kuimba kwa do, re, mi ambao John Curwen aliueneza nchini Uingereza katika karne ya 19, ana hazina kubwa kuliko anavyofikiri, kwani sikio lake tayari linajua umbali wa do hadi so. Kinachobaki ni kuipata do kwenye mistari mitano ambayo nota huandikwa juu yake. Kama mwanzoni mwa mstari pana alama za shapu (♯), ile ya mwisho upande wa kulia ni ti, na do huwa hatua moja juu yake. Kama ni flati (♭), ya mwisho ni fa, nawe uhesabu kushuka hadi do. Fanya zoezi hilo kila siku kwa tenzi usizozijua, ukipiga mapigo kwa mkono. Ukikosea noti usisimame wala usiombe radhi. Shika mapigo na uingie tena panapofuata, kwa maana mwalimu anapima hasa uwezo wako wa kurejea njiani.

Ukishapokelewa, zaburi ndizo zitakazokufundisha unyenyekevu. Katika ibada ya jioni ya Kianglikana huimbwa pamoja na Wimbo wa Mariamu na Wimbo wa Simeoni, na maneno mengi hubebwa na noti moja kwa mwendo wa usemi wa kawaida, kwa hiyo hakuna mapigo ya kuhesabu, bali ni kusikia pumzi ya aliye karibu nawe na kutamka naye silabi kwa silabi. Keti jirani na mwimbaji mzoefu wa sauti yako, uwe na penseli, na uweke alama kila mahali pa kuvuta pumzi. Siku koo likiuma, nenda mazoezini hivyo hivyo, unyamaze, ufuatilie karatasi na kuandika maelekezo yote yanayotolewa.