Kulinda Vilima vya Ngong: anza na ramani, si mche

Kila msimu wa mvua mabasi hupanda vilima hivi kutoka Nairobi yakiwa yamejaa watu wa makampuni, fulana za rangi moja. Wanapanda miche, wanapiga picha, jioni haijafika washateremka. Sina neno nao. Ila mimi nimewabebea wapima ardhi vifaa kwa miaka mingi, na nijualo ni kwamba kilima cha umma huibiwa kwenye karatasi kabla panga halijagusa mti. Mche haushindani na hati miliki. Na huku kwetu ploti inayotazama Bonde la Ufa ina wateja kila siku.

Kwa hivyo kwanza tafuta ramani ya mipaka ya msitu. Iandikie KFS, shirika la serikali linalosimamia misitu ya umma Kenya, barua ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika kwa Kiswahili ukitaka. Sheria yenyewe inakubali Kiswahili na Kiingereza, asije karani akakurudisha kwa sababu hiyo. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri hukuandika kitu. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman.

Ukishapata ramani, utembee mpaka wenyewe. Nenda na mzee wa Kimaasai aliyechunga huko tangu utotoni. Atakuonyesha bikoni, yaani alama za mpaka, ambazo nyasi zimezifunika, chuma ndani ya saruji, na atakwambia ipi ilikuwa pale na haipo tena. Piga picha, simu ikiwa inarekodi mahali na tarehe. Bikoni usiiguse hata kama unaona imesogezwa. Kuihamisha ni kosa la jinai, na mnyakuzi wa ardhi angependa sana ukamatwe wewe. Usiende peke yako pia. Vilele vile vina upweke na watu wamewahi kuporwa. Ulizia langoni askari wa msitu wa kukusindikiza.

Unachotafuta ni vigingi vipya vilivyopakwa rangi, lundo la mawe ya ujenzi, kibao cha ploti. Kinachonitisha mimi kuliko vyote ni nyasi zilizofyekwa kwa mstari ulionyooka. Mchungaji hafyeki hivyo. Huyo ni mpima ardhi, na aliyemtuma ana haraka.

Ijumaa soma Gazeti Rasmi la Serikali, linapatikana bure mtandaoni. Tafuta majina ya Ngong na Kajiado, kaunti yake, hasa kwenye matangazo ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mwaka 2001 ilikuwa ni humo humo serikali ilipotangaza nia ya kuondoa katika hifadhi takriban hekta 67,000 za misitu nchini, na muda wa kupinga ulikuwa siku 28 tu. Siku hizi kazi hiyo ni ngumu zaidi: kifungu cha 34 cha Sheria ya Misitu ya 2016 kinataka ombi lipelekwe Bungeni, baada ya tathmini huru na wananchi kusikilizwa. Lakini mnyakuzi gani atapitia mlango huo? Atatafuta hati kimyakimya. Ndiyo maana ukipata nambari ya kipande unachokishuku, nenda masjala ya ardhi ukafanye upekuzi rasmi, uone kimesajiliwa kwa jina la nani.

Tuseme hati ipo. Watu wengi hukata tamaa hapo, na hapo ndipo hasa kesi huanza. Kifungu cha 40(6) cha Katiba kinasema haki ya mali hailindi kilichopatikana kinyume cha sheria. Tena Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilikataa kumlinda aliyenunua ardhi ya umma iliyogawiwa vibaya tangu mwanzo, hata kama yeye mwenyewe alinunua baadaye. Na kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Huhitaji kuwa na shamba Ngong. Wa Kayole, kule Nairobi, anaweza.

Hata upandaji miti nao uuliziwe. Mgongo wa vilima hivi ni nyasi kwa asili yake, na ng'ombe wamekula hapo vizazi vingi. Kuujaza mikaratusi si kuuhifadhi. Jiunge na chama cha jamii cha msitu, ambacho sheria inakitambua na kinaweza kuwa na mkataba na KFS, uulize panafaa mti gani na wapi.

Jambo la mwisho ni tarehe. Nema, mamlaka ya mazingira ya serikali, ikitoa leseni ya mradi unaoupinga, rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ina siku 60. Mikutano isizile siku hizo. Wakili atafutwe wiki ya kwanza, na picha zenu ziwe zimeshachapishwa, kila moja na tarehe yake.