Somo: Kujitengenezea vifaa vya kuseti tapeti za 1HZ na 3L

Land Cruiser nyingi zinazokwenda Kasulu, Kibondo na Uvinza zina injini ya 1HZ, na Hiace za abiria nyingi ni 3L au 5L. Injini hizi hazina skrubu ya kurekebishia tapeti. Kamu, yaani uvimbe wa kwenye kamshafti unaofungua valvu, inakandamiza kikombe kilicho juu ya valvu moja kwa moja, na juu ya kikombe kimekaa kisahani cha chuma kigumu, yaani shimu. Unene wa shimu ndio unaoamua nafasi kati ya kamu na shimu, kwa hiyo kuseti tapeti maana yake ni kubadilisha shimu.

Kifaa cha kiwandani cha kushusha kikombe ni adimu hapa Kigoma, na ndiyo maana mafundi wengi hufungua kamshafti nzima. Mkanda wa taimingi unaguswa, kepi za kamshafti zinafunguliwa, na kazi ya asubuhi moja inakula siku. Hakuna haja. Vifaa vitatu vya kujitengenezea vinatosha: nyenzo ya kushusha kikombe, kishikio cha kukizuia kisirudi, na kichokoo cha kutolea shimu.

VITU VYA KUANDAA

Kipande cha springi bapa ya pikapu chenye unene wa mm 6 hadi 8 na urefu wa mm 350. Spoku moja ya baiskeli. Sumaku ya spika mbovu. Kwa kazi yenyewe: grinda, tupa bapa na tupa ya mviringo, vernia, seti ya drili biti, moto wa mkaa wenye feni, na oili chakavu lita mbili kwenye kopo la chuma. Usitumie nondo ya kujengea. Ni laini, ncha itapinda mara ya kwanza tu.

KWANZA PIMA INJINI YAKO

Fungua kava ya tapeti. Zungusha injini mpaka pua ya kamu ya valvu mojawapo itazame juu kabisa. Pembeni ya kamu, shafti ni nyembamba kuliko kamu yenyewe, na hapo ndipo vifaa vyetu vitapita. Ingiza mikia ya drili biti kati ya shafti na shimu, ukianza na ndogo, mpaka upate inayopita bila kulegea. Andika namba hiyo. Fanya hivyo tena kati ya shafti na mdomo wa kikombe. Pima pia kipenyo cha kikombe na upana wa ule mdomo mwembamba unaozunguka shimu. Vipimo hivi vinne ndivyo ramani yako. Ukinakili vipimo vya gari la mtu mwingine utasaga chuma mara mbili.

NYENZO

Springi haikatiki vizuri ikiwa ngumu. Ichome mpaka iwe nyekundu ya kung'aa na sumaku isiishike tena, kisha izike kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Itakuwa laini ya kutosha kupigwa tupa.

Kata ukanda wa mm 20 kwa mm 300. Upande mmoja wa ukanda ni mkono, mwingine ni kichwa. Kichwani tengeneza ulimi utakaopita chini ya shafti: unene wake uwe pungufu kwa nusu milimita kuliko drili biti uliyoandika, na upana wake uingie kati ya kamu na kepi bila kugusa chochote. Juu ya ulimi chimba kwa tupa ya mviringo ili ukumbatie shafti. Nyuma ya ulimi, kwa umbali wa nusu ya kipenyo cha kikombe, acha kisigino kinachoshuka chini. Hicho ndicho kitakachokanyaga mdomo wa kikombe. Kisigino kisizidi upana wa mdomo ule. Kikigusa shimu, haitatoka hata ukivuta vipi, na mara nyingi utaivunja ukingo.

Mwisho pasha ukanda moto nyuma ya kisigino na uukunje juu, kama nyuzi 60, mkono usigonge ukingo wa silinda hedi unapoushusha.

Namna inavyofanya kazi: ulimi unaegemea chini ya shafti, kisigino kinakanyaga kikombe, wewe unashusha mkono. Kikombe kinahitaji kushuka kama mm 3.

KISHIKIO

Hiki ni kidogo lakini ndicho kinacholinda vidole. Nyenzo ikishashusha kikombe, kishikio kinasimama upande wa pili wa kamu, kati ya shafti na mdomo wa kikombe, kisha nyenzo inatolewa. Urefu wake wima ni nafasi uliyopima kati ya shafti na mdomo, jumlisha mm 3. Ukipata mm 6, kishikio kiwe mm 9. Juu kichimbwe mviringo kufuata shafti, chini kiwe bapa na chembamba kulingana na mdomo. Kiunganishe na mkono wa mm 120 ili usiweke vidole chini ya kamu hata siku moja.

KUKAZA CHUMA

Choma vichwa vya vifaa viwili hivi mpaka sumaku iache kushika, vizamishe wima kwenye oili iliyopashwa kidogo. Sasa ni vigumu lakini vinavunjika kama kigae. Ving'arishe kwa msasa, kisha vipashe taratibu kuanzia upande wa mkono huku ukitazama rangi: manjano, kahawia, zambarau, buluu. Rangi ya buluu ikifika kichwani, acha vipoe. Wengi huruka hatua hii, halafu kipande cha ncha kinadondoka ndani ya injini.

Sehemu zote zitakazogusa shafti zisugue kwa msasa namba 400 mpaka ziteleze. Alama ya tupa kwenye kifaa inahamia kwenye kamshafti.

Kichokoo ni spoku iliyopigwa bapa kichwani na kukunjwa kidogo. Bisibisi ndogo iliyosuguliwa kwenye sumaku ya spika, kuelekea upande mmoja tu, itakunyanyulia shimu.

KAZI YENYEWE

Injini iwe imelala usiku mzima. Toa waya wa betri, weka gia huru, ziba matundu ya oili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Zungusha kwa boliti ya puli ya kranki, kwa mwelekeo wa injini tu, usirudishe nyuma.

Pima valvu zote kwanza kwa fila, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, na uandike. Nafasi za baridi kwa 3L ni mm 0.20 hadi 0.30 kwa valvu ya hewa na 0.40 hadi 0.50 kwa valvu ya moshi. Kwa 1HZ ni 0.15 hadi 0.25 na 0.35 hadi 0.45.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Pistoni ikiwa topu, yaani juu kabisa, nafasi inapimika vizuri, lakini usishushe kikombe ikiwa hapo, maana kwenye dizeli valvu na pistoni karibu zinagusana. Zungusha mpaka pua ya kamu ya valvu unayoishughulikia itazame juu kabisa. Ikikaa hivyo, pistoni ya silinda hiyo imeshuka chini na valvu ina pa kwenda. Kila valvu ipe zamu yake.

Geuza kikombe ili pengo la kwenye mdomo wake likutazame. Shusha, simamisha kishikio, toa nyenzo, chokoa shimu kupitia pengoni, inyanyue.

Hesabu kwa 3L: shimu mpya ni unene wa ya zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa 0.25 kwa hewa au 0.45 kwa moshi. Mfano, valvu ya moshi imepima 0.35 na shimu yake ni 2.70. Shimu mpya ni 2.60. Kwa 1HZ toa 0.20 na 0.40. Shimu hupanda kwa hatua za 0.05, chagua iliyo karibu zaidi. Pima ya zamani kwa maikromita, usiamini namba iliyoandikwa, huenda imelika.

Namba ya shimu itazame chini. Ukimaliza zungusha kranki mizunguko miwili na upime upya, kwa sababu oili iliyonaswa chini ya shimu hudanganya fila.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Kasulu: Fundi, shimu za vipimo ninavyotaka hazipo madukani hapa. Naweza kuzisaga?

Jibu: Kaka, anza kwa kuzihamisha. Ukiwa na orodha ya valvu 12 za 1HZ, mara nyingi shimu ya huku inafaa kule, na unabaki unatafuta mbili au tatu tu. Hizo agiza Dar zije na basi. Ikibidi kabisa kupunguza, sugua upande wenye namba, juu ya kioo chenye msasa wa maji, sehemu chache za mia ya milimita, na upime kwa maikromita sehemu nne. Grinda usiiguse. Inaipindisha, na joto lake linalegeza chuma.

Swali kutoka Ujiji: Gari halipigi kelele za tapeti hata kidogo. Kuna haja ya kufungua?

Jibu: Ndiyo, mkuu, na ukimya huo ndio unaotakiwa kukutia wasiwasi. Kwenye injini hizi valvu inazama taratibu kwenye siti yake na nafasi inapungua badala ya kuongezeka. Valvu ya moshi isipofunga vizuri haipati pa kupozea joto, inaungua ukingo. Dalili yake ni kuwaka kwa shida asubuhi, moshi mweupe, na nguvu kupungua mlimani. Ikigonga tak tak, nafasi ni kubwa: inachosha kamu na shimu, lakini valvu haiungui.

Swali kutoka Uvinza: Kishikio changu kinachomoka kila nikitoa nyenzo.

Jibu: Angalia mambo mawili. Chimbo la juu halifuati mviringo wa shafti, au kishikio ni kirefu mno na kinasimama kimeinama. Punguza robo milimita kwa tupa, jaribu tena. Na futa oili kwenye mdomo wa kikombe kabla ya kukisimamisha.

Swali kutoka Kibondo: Fila zangu zimefutika namba. Nitajuaje kipimo?

Jibu: Maikromita ndiyo jibu. Ukiwa nje bila kitu, wembe wa pande mbili una unene wa mm 0.10 katikati, mbili zikibanwa ni 0.20. Unakusaidia kutambua fila ipi ni ipi. Kuseti usisetie wembe.

Swali kutoka Tabora: Mimi nina Canter ya 4D33 yenye roka, ile mikono ya kusukuma valvu yenye skrubu na nati. Kuna kifaa chake?

Jibu: Huyo ni mwepesi. Valvu zote ni 0.40 ikiwa baridi. Tatizo lake ni nati: ukiikaza inaburuta skrubu na nafasi inajibana. Chukua boksi ya bomba inayoingia kwenye nati, pitisha ndani yake fito ya mm 6 iliyochongwa ncha kama bisibisi, ichomelee mkono wa T juu. Mkono mmoja unashika skrubu, mwingine unakaza nati, na fila ibaki imeingizwa mpaka mwisho. Ikishakazwa ivute: itoke kwa kukwaruza kidogo. Ikiganda, legeza urudie.