Kabla ya kuuza vyombo na mapambo ya fedha: hesabu gramu zako, ujue na faida ya mnunuzi

Faida ya mnunuzi wa fedha hupatikana siku anayonunua, si siku anayouza. Kwa hiyo hesabu yako iwe imekamilika kabla hujamfikia. Chukua uzito kwa gramu, zidisha kwa kiwango cha usafi (chapa ya 925 ni 0.925), kisha gawa kwa 31.1035, ambazo ni gramu za wakia moja ya troi. Bangili na vijiko vyenye gramu 250 na chapa ya 925 vina gramu 231.25 za fedha tupu, yaani wakia 7.43 za troi. Zidisha kwa bei ya wakia ya siku hiyo kwenye soko la dunia, upate thamani ya kuyeyusha. Kila ofa utakayopewa igawe kwa thamani hiyo. Asilimia itakayotoka ndiyo ya kumlinganishia mnunuzi mmoja na mwingine.

Vipimo ndipo watu wengi wanapopunjika. Wakia ya troi, inayotumika kwa madini ya thamani, ni gramu 31.1, lakini wakia ya mizani ya jikoni ni gramu 28.35. Ukipima nyumbani kwa wakia za jikoni utajiona una karibu asilimia 10 zaidi ya ulicho nacho. Kibaya zaidi ni peniweti, kipimo cha masonara chenye gramu 1.555. Mzigo ukipimwa kwa peniweti halafu ukalipwa kama vile namba ile ni gramu, zaidi ya theluthi ya pesa yako imekwenda. Taka mizani isome gramu, ianze kwenye sifuri, na kioo chake kikuelekee.

Halafu soma chapa kwa lenzi, kifaa kimoja kimoja. Namba 999, 958, 950, 925, 900, 835 na 800 ni sehemu za fedha katika elfu. Simba anayetembea ni alama ya 925 ya Uingereza. Vyombo vya Urusi ya zamani vina 84, ambayo maana yake ni sehemu 84 kati ya 96, sawa na 875. Namba inayowachanganya wengi ni 90 au 100 kwenye vijiko na uma za Ulaya: hapo inatajwa idadi ya gramu za fedha zilizotumika kupaka seti ya vijiko dazeni na uma dazeni, wala si usafi. Herufi EPNS nazo zina maana ya fedha iliyopakwa juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Vitu vya kupakwa vitenge kabisa, kwa sababu thamani yake ya kuyeyusha ni karibu na bure.

Usiitegemee sumaku peke yake. Inafichua chuma, lakini shaba haivutwi na sumaku, na bidhaa nyingi za bandia ni za shaba. Asidi ya kupimia fedha nayo inaweza kudanganywa na tabaka nene la juu, ndiyo maana mpimaji hukwangua kidogo kwa tupa kwanza. Kwa kipande cha thamani, omba kipimwe kwa mashine ya eksirei, ambayo haikichubui, ingawa nayo husoma juujuu tu.

Vinara vya mishumaa vina tatizo lake: vingi vimejazwa saruji, lami au utomvu ndani, na fedha ni ganda jembamba. Visu vya mezani navyo vina bapa la chuma na mpini uliojazwa. Uzito wote hautakuambia kitu hapo, na mnunuzi ana haki ya kukata. Lakini akikata kwa makadirio tu bila kukueleza gramu alizotoa, mwulize.

Sasa faida yenyewe. Pengo kati ya thamani ya kuyeyusha na ofa si wizi peke yake: ndani yake kuna ada ya kiwanda cha kusafishia, gharama ya kupima sampuli, upotevu wa kuyeyusha, na hatari ya bei kushuka kabla mzigo haujalipwa. Bei inapoyumba sana pengo hupanuka, kwa hiyo siku yenye misukosuko si lazima iwe siku nzuri ya kuuza hata kama bei iko juu. Faida nono zaidi hutoka kwenye uchambuzi. Mnunuzi analipia rundo lote kama chakavu, kisha anatoa vile vinavyouzika vikiwa vizima: seti kamili za vijiko, kazi za watengenezaji maarufu kama Georg Jensen wa Denmark au Tiffany wa Marekani, sarafu zenye wakusanyaji. Akichanganya vya 925 na vya 800 na kulipa vyote kwa 800, umepoteza asilimia 13.5 ya thamani ya vile vya 925. Mawe ya vito nayo hupunguzwa kwenye uzito, halafu hubaki kwake. Yadai.

Kwa hiyo yapange mafungu mwenyewe kwa usafi, na vile vya kuuzwa vizima vipelekwe mnadani au kwa mkusanyaji kwanza. Sarafu ziwe na fungu lake: dola nusu za Marekani hadi 1964 zina asilimia 90 ya fedha, za 1965 hadi 1970 zina 40. Sarafu za fedha za Uingereza za 1920 hadi 1946 zina 50.

Na usisugue kitu. Weusi wa zamani ni sehemu ya thamani kwa wakusanyaji, na dawa ya kung'arisha hula chapa kidogo kidogo.

Ukiacha mzigo kwa ajili ya kupimwa, ondoka na stakabadhi yenye picha, gramu za kila fungu, kiwango cha usafi, asilimia mliyokubaliana, na bei ya siku gani itatumika. Iandikwe pia kwamba hakuna kitakachokatwa wala kuyeyushwa kabla hujakubali.