Jinsi ya kufuatilia siasa ndani ya muziki wa klasiki wa karne ya 20

Wengi wanaoanza uchunguzi huu hukimbilia kwenye sauti na kusaka ujumbe uliofichwa: hapa tarumbeta ni dikteta, pale fidla ni raia anayelia. Wanachopata ni ubashiri mtupu. Siasa iliingia kwenye muziki huu kwa njia zinazoweza kuthibitishwa: nani alilipa, nani alitoa kibali, ala zipi zilipatikana, nani aliruhusiwa kupanda jukwaani. Anza na hizo, masikio yafuate.

Chagua kazi moja tu, tena fupi. Kwateti ya Nane (kazi ya wapigaji wanne wa ala za nyuzi) ya mtunzi wa Kisovieti Dmitri Shostakovich, yenye dakika 20 hivi, inafaa sana kwa mwanzo. Tafuta rekodi mbili za wapigaji tofauti na, ukiweza, nakala ya noti. Hata asiyesoma noti anaweza kutumia ukurasa wake wa mwanzo, ule wenye orodha ya ala.

Tarehe nne

Kabla ya kusikiliza, andika mwaka kazi ilipoanza kutungwa, ilipokamilika, ilipopigwa hadharani mara ya kwanza na ilipochapishwa. Kisha tazama mapengo. Simfonia ya Nne ya Shostakovich ilikamilika 1936, ikaondolewa Desemba mwaka huohuo ikiwa tayari kwenye mazoezi, na haikusikika hadharani hadi 30 Desemba 1961. Rudi nyuma miezi michache utaona kisa: Januari 1936 Stalin alikwenda kutazama opera ya mtunzi huyo, Lady Macbeth wa Wilaya ya Mtsensk, na siku mbili baadaye Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti, likaishambulia vikali. Mambo yakajirudia Februari 1948, Chama cha Kikomunisti kilipotoa tamko la kuwalaani watunzi wakubwa wa Kisovieti. Kazi yake ya kwanza ya fidla na okestra, aliyoimaliza mwaka huo, aliiweka kabatini mpaka 1955, Stalin akiwa ameshafariki.

Hata hivyo pengo ni swali tu. Kazi ya kwanza ya mtunzi wa Hungaria Béla Bartók ya fidla na okestra ilikamilika 1908 ikapigwa 1958, na serikali haikuhusika. Aliiandika kwa ajili ya mpiga fidla Stefi Geyer aliyempenda, naye akabaki na noti hizo mpaka alipofariki 1956. Ukiona pengo la miaka 50 ukaandika “udhibiti” bila kuchunguza, umeshapotea njia.

Fedha na vibali

Kwa kila kazi uliza mtunzi alikuwa anakula wapi. Katika Umoja wa Kisovieti, baada ya uamuzi wa Chama cha Kikomunisti wa Aprili 1932 uliovunja vikundi huru vya wasanii, watunzi waliwekwa chini ya chama kimoja cha kitaaluma, na humo ndimo zilimopitia kazi za kulipwa, uchapishaji, hata nyumba za kuishi. Ukitupwa nje, hukupoteza sifa pekee, ulipoteza riziki. Ujerumani ya Wanazi iliunda Reichsmusikkammer, chombo cha serikali cha kusimamia wanamuziki, Novemba 1933, na asiye mwanachama hakuruhusiwa kufanya kazi ya muziki. Rais wake wa kwanza alikuwa mtunzi Richard Strauss. Mwaka 1935 alilazimishwa kujiuzulu baada ya polisi wa siri kunasa barua aliyomwandikia Stefan Zweig, Myahudi aliyekuwa amemwandikia maneno ya opera.

Kosa la kawaida hapa ni kuwachunguza madikteta peke yao. Kozi za majira ya joto za Darmstadt, Ujerumani, kitovu cha muziki mpya baada ya Vita Kuu ya Pili, zilianza 1946 kwa msaada wa utawala wa kijeshi wa Marekani. Tamasha kubwa la sanaa lililofanyika Paris 1952 liliandaliwa na Congress for Cultural Freedom, na miaka ya 1960 ikafichuka kwamba shirika hilo lilikuwa likilipiwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Hiyo haimaanishi watunzi waliopigwa pale walikuwa vibaraka. Inamaanisha swali la nani alilipa huulizwa pande zote mbili za Vita Baridi. Januari 1953 kazi ya Aaron Copland kuhusu Rais Lincoln iliondolewa kwenye tamasha la kuapishwa kwa Eisenhower, baada ya mbunge mmoja kumtuhumu mtunzi kwa uhusiano na makomunisti.

Mlango mwingine ni ubaguzi, na ushahidi wake ni mgumu kuuona kwa sababu ni wa kukosekana. Simfonia ya Kwanza ya Florence Price, mwanamke Mwafrika-Mmarekani, ilipigwa na okestra ya Chicago Juni 1933. Baada ya hapo okestra kubwa zilimpuuza, na sehemu kubwa ya maandishi yake ilikuja kupatikana 2009 kwenye nyumba iliyotelekezwa huko Illinois. Kwa hiyo soma ratiba za matamasha ya wakati husika, uone nani hayumo.

Hesabu ala

Hatua hii huchukua dakika tano na hutoa mengi. Mwaka 1913 mtunzi Mrusi Igor Stravinsky aliandika kwa okestra ya watu karibu 100. Mwaka 1918, akiwa Uswisi, Vita Kuu ya Kwanza na mapinduzi vikiwa vimemkatia mapato ya Urusi, alitunga Hadithi ya Askari kwa wapigaji 7 ambao wangeweza kuzunguka kutoka mji hadi mji. Kwateti ya Mwisho wa Wakati ya Mfaransa Olivier Messiaen ina klarineti, fidla, selo na piano. Mchanganyiko huo haukuwa wa kawaida, lakini wapigaji wa ala hizo ndio waliokuwepo kwenye kambi ya wafungwa wa vita ya Görlitz, Ujerumani, alikofungwa, na ilipigwa humo 15 Januari 1941.

Tahadhari: udogo wa kundi si dalili ya njaa kila mara. Arnold Schoenberg aliandika Pierrot lunaire kwa sauti moja na wapigaji watano mwaka 1912, kabla ya vita, kwa sababu ndiyo sauti aliyoitaka.

Sasa sikiliza

Sikiliza mara tatu. Mara ya kwanza bila kuandika. Ya pili ukiandika dakika na sekunde za kila badiliko kubwa. Ya tatu kwa rekodi nyingine, ukilinganisha.

Mfano mzuri wa kulinganisha ni mwisho wa Simfonia ya Tano ya Shostakovich, iliyopigwa mara ya kwanza Leningrad Novemba 1937. Okestra inapiga noti ya La ileile tena na tena huku ala za shaba na ngoma zikitangaza ufunguo wa Re meja. Sherehe, au amri ya kusherehekea? Toleo moja la noti linaagiza noti robo 188 kwa dakika, jingine noti ya nane, ambayo ni nusu ya noti robo, 184, yaani karibu nusu ya kasi ile. Kiongozi wa okestra Leonard Bernstein kwenye rekodi ya 1959 anakwenda mbio na unasikia ushindi. Yevgeny Mravinsky, aliyeongoza onyesho la kwanza, anakwenda taratibu zaidi, na shangwe inakuwa nzito kama mzigo. Usitoe hukumu juu ya “maana” ya mwisho huu kabla hujajua rekodi yako inafuata kasi ipi.

Majina, wakfu na ushuhuda

Jina la kazi huwa linakuja mwisho. Mtunzi wa Poland Krzysztof Penderecki aliandika kazi ya nyuzi 52 ambayo kwanza iliitwa 8'37", urefu wake tu. Jina la maombolezo ya wahanga wa Hiroshima lilikuja baadaye. Msikilizaji anayesikia mabomu kwenye kila mkwaruzo anasikia kichwa cha habari.

Sasa rudi kwenye Kwateti ya Nane, iliyoandikwa kwa siku tatu Julai 1960. Wakfu wake, yaani maneno ya kuitoa kwa heshima ya fulani, ni kwa wahanga wa ufashisti na vita. Lakini inaanza na selo ikipiga noti nne, Re, Mi bemoli, Do, Si, ambazo kwa Kijerumani huandikwa D, Es, C, H: saini ya mtunzi mwenyewe, kwani Es husomwa kama S na jina lake kwa Kijerumani huanza D. Sch. Ndani yake amepachika vipande vya opera ile iliyoshambuliwa 1936 na wimbo wa wafungwa wa kimapinduzi. Katika barua ya mwezi huohuo kwa rafiki yake Isaak Glikman, anaeleza kuwa anaiandika kwa ajili ya kumbukumbu yake mwenyewe. Hapa huchagui kimoja. Andika wakfu, kisha saini, kisha barua, kila kimoja na tarehe yake.

Barua ya wakati uleule ina uzito kuliko kumbukumbu zilizotolewa miaka mingi baadaye. Kumbukumbu za Shostakovich alizochapisha Solomon Volkov mwaka 1979 hunukuliwa kila mahali, lakini mtafiti Laurel Fay alionyesha mwaka uliofuata kwamba sehemu zake kadhaa zilikuwa zimeshachapishwa Urusi kama makala. Ukitumia dai lililo humo tu, litenge, uliandike kama dai, na usijengee juu yake hitimisho la kurasa zako nzima.