Somo: Nice hadi Menton kwa gari, msimu wa baridi

Wakuu, safari hii ya pwani ya kusini mwa Ufaransa nimeulizwa mara nyingi, acha niiandike yote. Nice hadi Menton, mpakani na Italia, ni kama kilomita 30 tu. Agosti ni foleni mwanzo mwisho. Januari barabara inapumua, na mchana wa jua sweta linatosha.

Hatua ya 1: Gari
Chukua dogo, barabara ni nyembamba. Usiposema mapema utapewa la gia za mkono, nazo utazibadilisha kwa mkono wa kulia. Beba na leseni ya kimataifa. Kuendesha kulia utazoea upesi; kazi iko kwenye kipilefti. Unaizunguka kinyume cha kwetu na unampisha anayetokea kushoto. Siku ya kwanza niliangalia kulia kwa mazoea, dereva wa basi akanipigia honi mpaka nikasahau gia.

Hatua ya 2: Saa na upande
Hapa ndipo wengi wanakosea. Anzia Nice, nenda mashariki. Bahari inakuwa kulia, upande wako, kwa hiyo kila penye mandhari unachepuka bila kukatiza wanaokuja. Ila jua la msimu huu linakaa chini, na asubuhi mapema linakuchoma machoni. Toka saa tano, litakuwa ubavuni, kisha linahamia mgongoni. Usizubae: Desemba, saa kumi na moja jioni limeshazama.

Hatua ya 3: Kwenda
Barabara ni tatu, zimepandana mlimani kama ngazi. Shika ya chini, Basse Corniche: Villefranche, Beaulieu, Monaco. Mimi Monaco huwa napita tu. Lala Menton. Februari wana sikukuu ya malimau, masanamu makubwa yamevikwa malimau na machungwa.

Hatua ya 4: Kurudi
Kesho yake asubuhi panda ya juu, Grande Corniche, iliyojengwa enzi za Napoleon. Inafika zaidi ya mita 500 juu ya bahari. Simama La Turbie kwenye mnara ambao Warumi waliujenga mwaka 6 KK kumtukuza Augusto kwa kuyashinda makabila ya Alpi. Ukiwa pale, Monaco yote iko chini ya miguu yako. Mvua ikiwa imenyesha usiku, punguza mwendo kwenye kona, mawe huporomoka.

MASWALI

Kaka, minyororo ya theluji inahitajika?
Kwa njia hii, hapana. Ukitaka kupanda milimani kwenye theluji, kuna maeneo yanayodai matairi ya baridi au minyororo kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Muulize anayekukodisha gari kabla hujaondoka.

Tule nini bila kufilisika?
Socca, dada yangu, Nice imejaa. Ni unga wa dengu, maji na mafuta ya zeituni, huokwa kwenye sinia pana katika tanuri la kuni. Mwagia pilipili manga, ule ikiwa ya moto. Ikipoa ni kama kutafuna kandambili.

Yale maua ya njano milimani ni nini?
Mimosa, huchanua Januari hadi Machi. Asili yake Australia, ndugu wa damu na miwati ya Njombe. Ukiyataka kwa wingi, nenda upande wa pili, vilima vya Tanneron nyuma ya Cannes. Fungua vioo, isipokuwa kama una mafua ya chavua.