Ukiruka kwa kundi kubwa, tazama kiini

Wenzangu wa Kisumu mnaojiandaa kwenda Diani kuruka na parashuti kwa kundi, macho yatulie kwenye kiini cha umbo, yaani walio katikati ya duara mnalounda angani kwa kushikana kabla ya kufungua parashuti, si kwa jirani uliyemshika mkono. Jirani akiyumba nawe ukamfuata, unamyumbisha aliye nyuma yako, na wimbi linafika ukingoni likiwa limekua. Ukikitazama kiini unajua papo hapo kama umepanda au umezama.

Kinachoharibu zaidi ni pupa ya kufika. Kifudifudi mnaanguka takriban kilomita 190 kwa saa, lakini baina yenu mwendo uwe wa kutambaa. Mwangalieni mvuvi wa ufuo wetu wa Dunga akisogelea mtumbwi wa mwenzake: anazima injini mapema, anaacha maji yampeleke, anangoja mitumbwi yote miwili ipande na kushuka pamoja, ndipo ananyoosha mkono. Nawe tulia kwanza mita chache kando, kimo kimoja na wenzako, kisha sogea. Ukishashika, usivute. Endelea kuruka mwenyewe, miguu ikifanya kazi, vidole vikiwa vyepesi kana kwamba hujashika kitu.

Ukizama, jitandaze upunguze kasi, na ukae pembeni. Tafadhali sana, usipite chini ya umbo: hewa iliyo juu ya mgongo wako imevurugika, na aliye juu atakuangukia.

Tarehe 8 Februari 2006, watu 400 waliungana hivi juu ya Udon Thani, Thailand, kwa sekunde 4.25.