Unataka Kuona Samaki Wasini? Anza na Bwawa la Nairobi

Mimi hufundisha watu wazima kuogelea katika bwawa moja la South C, na kila Novemba ikifika simu huanza: "Mwalimu, chama chetu kinashuka pwani Desemba, tunataka kuingia majini tuone samaki." Hawa si watu wa mashindano. Wanataka kuelea kifudifudi juu ya matumbawe, uso majini na mrija mdomoni, wapande tena mashuani wakale kaa. Kazi hiyo haihitaji mwili wa mwanariadha. Inahitaji mazoezi machache, na karibu yote unaweza kuyamaliza ukiwa hapa Nairobi. Nahodha wa Shimoni, kule pwani ya kusini zinakoondokea mashua za Wasini, hana muda wa kukufundisha kupumua huku mashua inayumba na wenzako wanakungoja.

Tuanze na miwani. Ile ya kawaida ya kuogelea haifai kwa sababu inaacha pua nje. Ukizama hata kidogo, maji yanaikandamiza machoni nawe huna njia ya kupuliza hewa ndani kusawazisha. Tafuta miwani ya kuzamia, inayofunika macho na pua pamoja. Ijaribu dukani bila kuvaa mkanda: iweke usoni, vuta pumzi kwa pua, kisha achia mikono. Ikishika yenyewe, hiyo ni yako. Ikianguka, muuzaji atakwambia ukaze mkanda. Usimsikilize. Mkanda ukikazwa sana hukunja ukingo laini wa miwani, na hapo ndipo maji hupata njia. Ukibahatika kukutana na ya mtumba katika soko la Gikomba au Toi, bonyeza ukingo kwa kidole. Silikoni nzima hurudi mahali pake mara moja. Iliyokauka au kupasuka iache papo hapo, hata kama bei inakuchekea.

Nywele nazo zina maneno yake. Mama mmoja alikuja darasani na rasta mpya, nyembamba, zimemfika mgongoni. Kila akiinamisha uso, maji yanaingia. Akailaumu miwani, akataka kuirudisha dukani. Nikamwambia, "Mama, hebu simama kwanza." Uzi mmoja tu wa rasta ulikuwa umelala chini ya ukingo, pale juu ya nyusi ya kushoto. Nikauchomoa kwa kidole, akainama tena, na maji hayakuingia. Kwa hivyo ukisuka kwa ajili ya safari, suka za kurudi nyuma, na mbele ya uso pasibaki kitu. Wanaume wenye masharubu mazito wanyoe ule mstari ulio chini kabisa ya pua. Wengi hukataa, kisha hushinda siku nzima wakimwaga maji.

Miwani mpya hufanya ukungu kwa sababu kiwandani hubaki na utando mwembamba juu ya kioo. Isugue kwa ndani na dawa ya meno nyeupe, isiyo na chembechembe kali, halafu isuuze vizuri. Ukiwa baharini, tema mate kidogo ndani, sambaza kwa kidole, suuza haraka, vaa. Watu wa heshima hukunja uso nikiwaambia hivyo, lakini hata mabaharia wa Shimoni hufanya vivyo hivyo.

Sasa kupumua, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu hushindwa. Ingia upande wa maji ya kiunoni, shika ukingo wa bwawa. Uma kile kipande cha mpira cha mrija kwa upole. Meno yanashikilia tu, midomo ndiyo inayoziba. Tia uso majini na usifanye lolote ila kupumua: vuta polepole ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita. Sababu ni hii. Kila unapotoa pumzi, sehemu ya hewa chafu hubaki ndani ya mrija, na ndiyo unayoianza pumzi inayofuata. Ukipumua fupifupi kwa haraka, unairudia hewa ileile uliyoitoa, kifua kinadai zaidi, nawe unadhani unazama ilhali umesimama kwenye maji ya kiunoni. Pumzi ndefu huvuta hewa safi nyingi kuliko ile chafu iliyobaki mrijani. Kwa sababu hiyo hiyo usidanganyike na wazo la kurefusha mrija ili uende chini zaidi. Mbali na hiyo hewa chafu, uzito wa maji juu ya kifua huongezeka haraka hata misuli ikashindwa kuvuta.

Ukishatulia, ujaze mrija maji kwa makusudi. Zamisha kichwa, inuka, kisha puliza kwa nguvu, pumzi moja fupi: "Tuh!" Pumzi inayofuata ivute taratibu, maana matone huwa yamebaki. Rudia mpaka ikuchoshe. Halafu ruhusu maji kidogo yaingie kwenye miwani, bonyeza ukingo wa juu kwenye paji la uso, inua kidevu, toa pumzi kwa pua. Maji yatatokea chini. Mtu aliyeyafanya haya mawili bwawani hastuki wimbi la Wasini linapomjazia mrija. Anapuliza, anaendelea kutazama samaki.

Zipo pia miwani za kisasa zinazofunika uso mzima. Mimi sizipendi. Maji yakiingia, mdomo na pua vyote vimefungiwa pamoja, na kuivua kwa haraka si rahisi ukiwa na hofu.

Usivunjwe moyo na baridi ya mabwawa yetu. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji ya asubuhi hapa hukata pumzi ya mtu kabla hajaanza. Ukiweza kupumua polepole katika maji hayo, bahari ya pwani yenye joto itakuwa starehe. Mwenye presha, pumu au tatizo la moyo amwone daktari kwanza, wala asione haya kubaki mashuani.

Kuhusu wakati wa kwenda, tazama pepo na mwezi. Kaskazi, takribani kuanzia Desemba hadi Machi, huwa na maji matulivu na meupe. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na mashua hurushwa. Mvua nayo ina hesabu yake ambayo watu wa Nairobi tungepaswa kuijua kuliko wote: Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki humwaga tope lake baharini kaskazini tu mwa Malindi. Mvua kubwa ikinyesha huku bara, maji ya kule hugeuka rangi ya chai. Malindi na Watamu ni hifadhi za tangu 1968, na nazipenda, lakini baada ya mvua mimi huwaelekeza watu kusini, Kisite-Mpunguti, hifadhi ya bahari iliyo karibu na Wasini.

Mwezi unautazama kutoka kibarazani kwako. Ukiwa mpevu au mwandamo, kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu, na mkondo huwa mkali yanapotembea. Siku hizo maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, kwa hivyo miamba huwa karibu mno na magoti yako. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Mkondo ni mpole, na saa hiyo ya nne maji huwa yamejaa. Kwa mgeni wa mrija, wikendi ya nusu mwezi ndiyo ninayomchagulia, hata chama kikinung'unika kwamba tarehe ilishapangwa.

Usafiri ni mwepisi. Treni ya Madaraka kutoka Syokimau hadi Miritini huchukua kama saa tano au sita kutegemea utakayopanda, na tiketi za Desemba huisha mapema. Kutoka Miritini, barabara ya Dongo Kundu inakufikisha pwani ya kusini bila kungoja feri ya Likoni. Usijaribu kushuka treni na kuingia mashuani siku hiyohiyo. Lala Ukunda au Shimoni, kwa sababu mashua huondoka asubuhi. Kiingilio cha hifadhi hulipwa KWS, shirika la wanyamapori, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si kwa pesa taslimu, kwa hivyo fungua akaunti yako ukiwa nyumbani. Na unapopewa bei ya mashua uliza waziwazi: kiingilio kimo? Chakula cha Wasini kimo? Miwani na mapezi ya miguuni vimo? "Kila kitu kimo, dada" si jibu.

Wapo wanaofika Mombasa kwa meli kubwa ya kitalii, mathalani mzazi aliyelipiwa na watoto walioko ng'ambo. Hao wana siku moja tu, nayo meli haingoji mtu aliyechelewa kwa ziara aliyojipangia. Shimoni iko kama kilomita 80 kutoka mjini. Kwa muda huo ni heri hifadhi ya Mombasa yenyewe, inayofikiwa kwa mashua kutoka fukwe za Nyali na Bamburi. Uliza saa ya mwisho ya kupanda, hakikisha saa yako inaenda sawa na ya meli, kisha jiwekee nafasi ya kutosha ya foleni ya daraja la Nyali. Anayeijua Thika Road jioni hahitaji kuelezwa zaidi.

Mzigo wako uwe mdogo. Beba fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, maana utakaoungua ni mgongo, nawe hutausikia mpaka usiku. Fulana ni bora kuliko kujipaka mafuta ya jua: baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe, na Hawaii ilipiga marufuku uuzaji wa aina hizo kuanzia 2021. Beba chupa ya maji ya kujaza tena. Plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa kwenye hifadhi zetu tangu Juni 2020. Kama mawimbi hukutapisha, meza dawa kabla ya kuondoka wala si baada ya kichefuchefu kuanza, na keti katikati ya mashua ukitazama upeo wa bahari.

Kama hujui kuogelea, mwambie nahodha kabla ya kamba kufunguliwa, si mkifika. Hakuna aibu. Utavaa jaketi la kuokoa maisha, ulale kifudifudi juu ya maji badala ya kusimama ndani yake, na baharia atakuvuta kwa boya. Nimeona waoga wakiona samaki wengi kuliko waogeleaji hodari, kwa kuwa hawakimbii.

Mapezi yavae ukiwa umeketi ukingoni. Ukishuka, kaa umeshika ngazi mpaka pumzi iwe ileile ya bwawani, ndipo uachie. Nenda wawili wawili. Anza kwa kupiga mapezi dhidi ya mkondo, ili ukichoka ndio ukurudishe kwenye mashua. Piga kutoka nyongani, polepole, na kila baada ya muda mfupi inua kichwa uione mashua iko wapi. Chini utamwona pono akitafuna matumbawe, na ukitulia utamsikia kabisa, kru-kru-kru. Kasa akipita mwache apite. Anahitaji kupanda juu kuvuta hewa, na ukimzingira unamzuia. Pomboo wakitokea, usimshawishi nahodha awakimbize.

Usisimame juu ya matumbawe hata kidogo. Ni viumbe hai, hukua polepole mno, na joto la bahari la 1998 liliua mengi pwani yetu. Isitoshe, katikati yake wamo viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu inayokatikia nyayoni. Miwani ikikusumbua, lala chali, ielekezee angani, uirekebishe ukiwa unaelea.

Wengine wakishaonja mrija huwashwa na hamu ya kuzamia kwa mtungi wa hewa kesho yake. Sawa, ila pangeni ratiba upya. Aliyezamia kwa mtungi hapaswi kuruka kwa ndege wala kupanda milima mara tu baada ya kutoka majini. Ushauri wa kawaida wa ndege ni saa 12 angalau kwa mzamo mmoja, 18 kwa mizamo kadhaa, na Nairobi tuko juu hata ukirudi kwa barabara. Wa mrija anaweza kupanda treni jioni hiyohiyo.

Mkifika mlikolala, loweka miwani na mrija kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, kisha anika kivulini. Jua hukausha silikoni. Mapezi yasikunjwe begini. Na mrija wa kuazima usisahau kuurudisha, maana mirija ya bwawa letu la South C tayari imepungua.